Kuvuka bahari kuu kwa boti ya matanga: mwongozo kwa anayetoka pwani mara ya kwanza

Usiku wa sita, saa tisa na kitu, nilisikia mlio kama wa kofi kutoka sitahani, kisha kimya. Nilipotoka na tochi, tanga la mbele lilikuwa limeporomoka lote na kuzama ubavuni, likiburutwa kama wavu wa kuvulia. Hapakuwa na dhoruba. Upepo ulikuwa noti 16 (maili 16 za baharini kwa saa) kutoka tezi, yaani nyuma ya boti, na nyota zimejaa mbingu nzima. Henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, ilikuwa imekatika pale inapopita juu ya kapi kileleni mwa mlingoti. Kwa siku sita ilisuguka mahali palepale, na hakuna aliyekumbuka kuisogeza hata upana wa kiganja. Tulikuwa watu watatu, na ilituchukua karibu saa mbili kulipandisha lile tanga lililojaa maji.

Watu hupenda kuniuliza habari za dhoruba, kisha papa. Papa hajawahi kunisumbua. Vilivyonisumbua ni kamba zinazolika na watu wasiolala, na mara nyingi viwili hivyo hufuatana, kwa kuwa aliyechoka haioni kamba inayolika. Maelezo yanayofuata ni ya mtu ambaye tayari anajua kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku, kupunguza tanga na kutia nanga karibu na pwani, na sasa anataka kukaa wiki tatu bila kuona nchi kavu.

Hatua ya 1: Msimu kwanza, njia baadaye

Upepo huwezi kuuchagua, ila mwezi wa kusafiri unauchagua mwenyewe. Chukua mfano wa kuvuka Atlantiki kutoka Ulaya kwenda Karibi. Msimu rasmi wa vimbunga upande ule huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30, na pepo za biashara za kaskazini-mashariki huanza kuvuma kwa uthabiti kadiri Desemba inavyoingia. Ndiyo sababu boti nyingi husubiri Visiwa vya Canary hadi mwishoni mwa Novemba au baadaye kidogo. Kutoka Las Palmas, kwenye visiwa hivyo, hadi Saint Lucia, Karibi, ni takriban maili za baharini 2,700. Usichukue rula ukapiga mstari mmoja: mstari huo unaweza kukuacha kaskazini mno, penye upepo wa kubahatisha. Wengi hushuka kwanza kusini-magharibi kuelekea Cape Verde, na wakishaupata upepo wa kweli ndipo wanapoelekeza omo, yaani mbele ya boti, magharibi. Anayeziogopa maili 2,700 huikata safari Mindelo, bandari ya Cape Verde, kisha hubakiwa na kama maili 2,100.

Boti ya mita 11 iliyosheheni maji na chakula ipange kwa noti 5, si kwa zile noti 7 ulizoziona alasiri moja nzuri ukazisimulia mwaka mzima. Noti 5 kwa saa 24 ni maili 120 kwa siku. Gawanya 2,700 kwa 120, upate siku 22 na nusu. Mahitaji yote yapigie hesabu ya siku hizo, kisha ongeza nusu yake.

Na mapema kabisa waambie utakaosafiri nao wasikate tiketi ya ndege ya kurudi. Mwenye tiketi mfukoni ndiye atakayeshawishi mng'oe nanga siku ambayo kila mtu mwingine ameamua kungoja.

Hatua ya 2: Kagua chombo kwa vidole

Panda mlingoti ukiwa na kitambaa cha pamba. Kipitishe kwenye kila waya unaoushikilia mlingoti, hasa pale waya unapoingia kwenye kishikizo chake cha chuma. Uzi mmoja uliokatika utakinasa kitambaa kabla jicho halijauona, na waya wenye uzi uliokatika haubembelezwi, unabadilishwa. Zungusha kila kapi kwa kidole. Hakikisha kila pini imepindwa ncha na kuzungushiwa utepe.

Chini ya maji kuna usukani. Boti ikiwa juu ya nchi kavu, ushike kwa mikono miwili uutikise kwa nguvu. Ukicheza, tafuta sababu kabla hujarudi majini. Kisha, siku ya majaribio, funga mpini wa dharura wa usukani na uendeshe nao kwa saa nzima. Mimi niligundua kwamba mpini wetu ulikuwa unagonga kiti cha nyuma na hauvuki robo ya mzunguko. Tulikuwa maili 2 kutoka pwani, tukacheka, tukaukata na kuuchomelea upya.

Kila tundu lililo chini ya usawa wa maji lina valvu yake. Kando ya kila valvu funga kwa kamba kizibo cha mbao laini, ili mkono ukipate gizani. Ngama nayo, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, iosheni, ikaushwe na ipanguswe kwa tambara. Ngama ikiwa kavu, tone lolote litakaloonekana limeingia leo. Lionje. Likiwa la chumvi limetoka baharini, nawe una kazi ya haraka. Likiwa halina chumvi ni tangi lako linavuja, na hiyo ni shida ya aina nyingine.

Kuhusu umeme, walaji wakubwa ni friji na usukani wa umeme, ule unaoshika njia bila mtu. Usukani wa upepo, ule wenye bawa dogo shetrini, nyuma kabisa ya boti, hauli umeme wala hauchoki, na kwa safari ndefu naupenda kuliko kifaa kingine chochote kilichoko kwenye boti. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, aliufunga usukani wa boti yake, Spray, kwa kamba na chombo kikashika njia chenyewe kwa siku nyingi. Boti nyingi za sasa, zenye mkuku mfupi, yaani uti wa chini ya boti, hazina utulivu huo. Kama mfuko unaruhusu, chukua usukani wa aina zote mbili. Kikiharibika kimoja na hamna cha pili, mtashika usukani kwa mkono usiku na mchana, na usingizi wote mliokuwa mmeupanga utaishia hapo.

Vipuri havina mjadala mrefu: kamba ndefu kuliko zote zilizomo, kapi, chujio za mafuta, mkanda na mapanga ya mpira ya pampu ya injini, sindano na uzi wa tanga, gundi inayokauka majini, na mkasi mkubwa wa kukatia waya endapo mlingoti utaanguka na kuanza kuligonga ganda la boti.

Hatua ya 3: Maji, kisha chakula

Weka lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu 4 kwa siku 22 ni lita 352. Ukiongeza nusu unapata 528. Kuoga na kuosha vyombo ni kwa maji ya bahari, na suuza ya mwisho tu ndiyo iwe ya maji yasiyo na chumvi. Ukiwa na mashine ya kuchuja chumvi, itumie kila siku, lakini usiihesabu kamwe. Maji yasikae tangi moja, kwani tangi moja likichafuka mmekwisha. Sehemu iwe kwenye madumu, na kila dumu liachiwe nafasi ya hewa, ili likitupwa baharini lielee.

Chakula cha siku tatu za kwanza kipikwe bandarini, kwa kuwa hatapatikana mtu wa kusimama mbele ya jiko. Maboksi ya karatasi yaachwe gatini, mende hutaga kwenye mikunjo yake. Makopo yabandueni karatasi zake na kuandika juu kwa kalamu ya wino mzito, maana karatasi hizo zikilowa huteremka ngamani na kuziba pampu siku unayoihitaji. Mayai ambayo hayajaoshwa wala kuwekwa kwenye friji hukaa wiki kadhaa ukiyageuza kila baada ya siku mbili. Hata hivyo, vunja kila moja kwenye kikombe chake kwanza. Kabichi usiikate kwa kisu, bandua majani kutoka nje na kiini kitadumu. Mkungu wa ndizi ning'iniza nje, mbali na matunda mengine, kwani hewa yake huyaivisha. Hata ukifanya hivyo zitaiva zote siku moja, na siku hiyo mtakula ndizi asubuhi, mchana na usiku, na bado nyingine mtawapa samaki.

Mpishi avae suruali nzito ya mvua hata kukiwa na joto. Maji yanayochemka kwenye chombo kinachoyumba ni hatari kuliko watu wanavyodhani, na daktari wa karibu yuko wiki mbili mbele. Sufuria ya presha yenye kifuniko cha kufunga ndiyo rafiki yake, maana hata ikianguka haimwagi.

Hatua ya 4: Zamu na usingizi

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nahodha awe mmoja, na ajulikane kabla ya kung'oa nanga. Lakini mambo mawili yasihitaji ruhusa yake. La kwanza ni kupunguza tanga. La pili ni kumwamsha. Nahodha anayenung'unika akiamshwa bure mara moja, mara ya pili hataamshwa hata kwa haki.

Mkiwa watatu, saa 3 za zamu na 6 za kupumzika hutosha vizuri. Mkiwa wanne usiku unakuwa mtamu. Mkiwa wawili ni kazi ngumu: saa 3 kwa 3 au 4 kwa 4 usiku, kisha kila mmoja alale tena mchana, atake asitake.

Makabidhiano ya zamu yasifanywe kwa kupungiana mkono mlangoni. Anayeingia atoke dakika 10 kabla, akae, macho yazoee giza. Anayetoka amwambie mwelekeo, upepo umebadilikaje, meli ipi imeonekana na upande gani, na kama kuna sauti mpya. Hiyo ya mwisho naisisitiza. Boti ina kelele mia, na baada ya siku tatu utazijua zote hata usingizini. Kelele ya mia na moja ndiyo yenye habari. Akishasema hayo aende kulala. Asikae kupiga soga, asianze kutengeneza kitu. Kitanda kizuri si kile kipana cha omo, bali kile chembamba cha katikati ya boti, karibu na sakafu, kilichofungwa turubai ubavuni ili mtu asimwagike.

Kigegezi huwapata hata mabaharia wa miaka mingi, na kwa wengi hupungua baada ya siku mbili tatu. Dawa imezwe kabla ya kuondoka, na ijaribiwe kwanza ukiwa nchi kavu, kwani nyingi huleta usingizi. Aliyeanza kulegea mpe usukani na mwambie atazame upeo wa macho. Maji kidogo kidogo, biskuti kavu, na asisome kitu. Kama ni lazima atapike, atapike upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, na awe amefungwa mkanda.

Hatua ya 5: Matanga na kamba

Upepo wa tezi una utamu wake na una meno yake. Boti hulala huku na huku bila kupumzika, na ile boriti inayoshika ukingo wa chini wa tanga kuu husubiri kosa dogo la usukani ivuke upande wa pili kwa kishindo. Ikimkuta mtu kichwani humuua. Kwa hiyo funga kamba ya kuizuia: itoke ncha ya boriti, iende omo, ipite kwenye kapi, irudi hadi kwa mshika usukani, ili iweze kulegezwa bila mtu kwenda mbele. Wapo wanaolikunja tanga kuu kabisa na kutumia matanga mawili ya mbele, moja kila upande, yakiwa yametanuliwa kwa miti. Mimi ni mmoja wao, upepo ukikaa sawa.

Jioni, kabla ya zamu ya kwanza ya giza, punguza tanga hata kama anga ni safi. Utapoteza labda nusu ya noti, na kwa saa 12 za usiku hizo ni maili 6. Nimeshalipa zaidi ya hizo kwa kuwaamsha watu wote saa nane usiku wakimbizane na tanga kwenye mvua. Mawingu ya dharuba hutokea nyuma yako; usiku utayajua kwa nyota zinazozimika moja moja kutoka upeo wa macho kuja juu. Ndani ya dakika chache upepo unaweza kutoka noti 15 kufika 30.

Kila asubuhi, mwanga ukishakuwa mzuri, mtu mmoja atembee polepole kutoka omo hadi tezi, bila kikombe mkononi. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya siku. Aangalie sitaha kwanza. Kati ya samaki warukao waliokufa usiku kunaweza kuwa na pini au nati, na nati haianguki kutoka mbinguni, imetoka mahali fulani juu ya kichwa chake. Apapase kila kamba ya kuvutia tanga inapogusa chuma. Mahali panapoanza kuota manyoya pavishwe kipande cha mpira wa bomba au ngozi. Atazame kwa darubini tanga linapogusa nyaya. Mwisho alegeze au akaze kila henza sentimita 10, ili leo isilike palepale ilipolika jana, na aandike daftarini kwamba amefanya.

Hatua ya 6: Macho na daftari

Jicho lililo mita 2 juu ya maji huuona upeo ulio umbali wa kama maili 3. Meli ndefu utaiona kabla ya hapo kukiwa kweupe. Kwenye mvua au ukungu, usitegemee. Meli inayokwenda noti 20 humaliza maili 3 kwa dakika 9. Hapo ndipo ilipotoka kanuni yangu ya kengele kila dakika 10: simama, zunguka duara zima ukianzia nyuma, kisha kaa.

AIS, kifaa cha kupokea ishara zinazotumwa na meli, hukupa jina la meli, kasi yake na itakapopita karibu nawe, ila si kila chombo kina kifaa hicho. Ukiona taa, chukua dira ya mkononi uipime. Pima tena baada ya dakika tatu. Kama inakua na kipimo cha dira hakibadiliki, mnakwenda kugongana. Ukiita kwenye chaneli ya 16 ya redio, ita kwa jina. Ukisema "meli iliyo mbele yangu", hutapata jibu, kwani kila meli iko mbele ya mtu fulani.

Daftarini andikeni kila saa mahali mlipo, mwelekeo, kasi, upepo na barometa. Tumieni saa za Greenwich mfululizo wa safari, kwa mfumo wa saa 24. Wenye kuhesabu saa kwa Kiswahili tuna sababu ya ziada, kwani "saa tisa" iliyoandikwa na mtu mwenye usingizi inaweza kuwa yoyote kati ya nne. Umeme ukizimika wote, mtakuwa na kipimo cha saa moja iliyopita, na kutoka hapo dira na hesabu ya kasi huwafikisha mbali. Sekstanti, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, ni kwa anayependa, na mimi napenda: jua la adhuhuri peke yake hukupa latitudo.

Hatua ya 7: Bahari ikichafuka

Tropiki barometa hupanda na kushuka kidogo mara mbili kila siku, kama inapumua. Jifunze pumzi hiyo siku za shwari ili uijue siku inapokosea. Ikishuka milibari 3 ndani ya saa 3, andaa chombo. Andaa na chakula pia. Mkate uliokatwa tayari una thamani kuliko mpishi jasiri.

Jambo la kujizoeza mapema ni kukituliza chombo baharini. Punguza tanga kuu hadi mwisho, pitisha omo upande wa pili wa upepo bila kuilegeza kamba ya tanga dogo la mbele ili lijae kinyume, kisha geuza chombo kirudi kuelekea upepo na funga usukani hapo. Tanga moja linasukuma mbele, lingine linazuia, na boti inakaa kwa pembe, ikisogea polepole kuelekea demani. Kelele hupungua ghafla, hata utadhani upepo umekatika. Tumewahi kufanya hivyo tu ili tule chakula cha moto. Mawimbi yakizidi kwa hilo, utakimbia nayo ukiburuta nanga ya kitambaa au mfululizo wa vikoni vya kitambaa kwenye kamba nyuma ili boti isiteleze ikapinduka.

Boti ya mpira ya kuokolea ni ya mwisho kabisa. Katika mashindano ya boti za matanga ya Fastnet ya 1979 dhoruba iliua mabaharia 15. Boti 24 ziliachwa na watu wake, na 19 kati yake zilipatikana baadaye zikiwa bado zinaelea. Maadamu chombo kinaelea, kaa nacho.

Hatua ya 8: Usianguke majini

Sina maneno mengi hapa. Penye mawimbi ya mita 2, kichwa cha mtu hupotea machoni kabla hujamaliza kupiga kelele. Jaketi okozi na mkanda vivaliwe usiku kucha, na ndoana ifungwe ukiwa bado kwenye ngazi, kabla ya mguu kutoka nje. Kamba ya mkanda iwe fupi, imbakize mtu juu ya sitaha. Usiku mtu asiende omo kama hakuna wa pili anayemtazama. Wanaume watumie choo, wakikaa, na waache kusimama shetrini. EPIRB, ile redio ya dharura inayotuma ishara kwa setilaiti kwenye megahezi 406, iwe imesajiliwa kwa jina la boti pamoja na namba ya simu ya mtu wa nyumbani anayeijua safari yenu, kwani huyo ndiye atakayepigiwa kwanza.

Hatua ya 9: Kukaribia nchi

Siku moja kabla, washeni injini iunguruke nusu saa, na toeni mnyororo wa nanga mwone kama haujajifunga. Ongezeni macho: nyavu, mashua zisizo na taa na maji mafupi huanza hapa, na watu nao wameanza kuulegeza uangalifu.

Ingieni mchana. Kama adhuhuri zimebaki maili 90 nanyi mnakwenda noti 6, mtafika saa tisa usiku. Punguzeni hadi noti 4 na nusu, mfike saa mbili asubuhi. Wapo watakaolalamika, hasa wakishaanza kunusa ardhi, ambayo kweli hunusika kabla haijaonekana. Waache walalamike. Nimewahi kuzunguka usiku mzima nje ya bandari ninayoiona taa zake, na asubuhi tukakuta boya la mlangoni limezimika na jingine limehamishwa.

Pandisheni bendera ya njano. Nahodha peke yake ashuke na pasi za wote, hati za boti na kibali cha kutoka bandari ya mwisho. Wengine wabaki hadi aruhusiwe. Wakati mnamngoja, mmoja apande mlingoti na kitambaa cha pamba.